Kabla Mkono Haujaisha

Bao la Kiswahili ni mchezo mmoja wenye sheria mbili, na ya pili humkuta mchezaji akiwa katikati ya mchezo uleule. Kete ya mwisho ya mkononi ikishatiwa shimoni, kunamua kumekwisha na mtaji umeanza. Hakuna anayepiga kengele. Ubao ni uleule, komwe ni zilezile, wachezaji ni walewale, lakini mali iliyokuwa ikipangwa tangu mwanzo imebadilika thamani papo hapo. Shimo lililokuwa likitisha limegeuka mzigo. Kete zilizokuwa zimekaa nyuma bila kazi ndizo zinazoanza kula.

Mtu kula kete nyingi si ajabu. Hata mgeni wa bao hula, akibahatika. Ninachokistaajabia ni kumwona mtu akicheza kwa sheria ya sasa huku kila kete akiiweka kwa ajili ya sheria ambayo bado haijafika. Huo ni ufundi, tena wa kimyakimya, na aghalabu anayeshindwa nao hajui alishindwa saa ngapi.

Pa kuutazama kwa utulivu ni Nyamisati, wilayani Kibiti, ambako barabara inayotoka Bungu inaishia majini. Vyombo vya kwenda Mafia na vya kwenda vijiji vya ndani ya delta ya mto Rufiji, akina Salale na Mbwera, havifuati saa ya ukutani. Vinafuata maji. Maji yakitoka, mifereji hubaki tope na mizizi ya mikoko, na nahodha mwenye akili haendi popote. Abiria wanakaa na mizigo yao, magunia ya mchele, madumu, kuku waliofungwa miguu, wanasubiri maji yajae. Palipo na kusubiri kwa namna hiyo bao halikosi. Nimewaona wachezaji wakiacha chombo kiondoke kwa sababu mchezo haujaisha, wakajipa moyo kwamba maji ya kesho nayo ni maji.

Delta yenyewe ni nchi ya kubahatisha mabadiliko. Ina karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, lakini kati ya mikoko hiyo kuna mashamba ya mpunga, na mpunga hauna urafiki na chumvi. Katika karne iliyopita mto Rufiji ulihamishia sehemu kubwa ya maji yake kwenye mifereji ya kaskazini. Kulikokuwa na maji ya chumvi kukapata maji baridi, mtu akaamka mkulima mahali ambapo baba yake alivua. Bondeni, juu kidogo, kuna kilimo cha mlau: unangoja mafuriko yapite, halafu unapanda kwenye unyevu yaliouacha. Wakati bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, watu wa huku walikuwa na maswali yao kuhusu maji yatakayoteremka, na Aprili ya mwaka huohuo mafuriko makubwa yakaingia Rufiji na Kibiti. Sishangai kwamba wazee wa mahali hapa wana pua ya kunusa sheria inayokuja. Ila bao lina uzuri wake: sheria yake ya pili inajulikana neno kwa neno tangu kete ya kwanza. Kinachobaki ni kujiandaa, na hapo ndipo watu wanapotofautiana.

Kwa wasiolizoea, nieleze. Ubao una safu 4, kila safu mashimo 8. Kila mchezaji ana safu 2 zake, ya mbele na ya nyuma, yaani mashimo 16. Kete ni 64, nazo ni komwe, mbegu za kijivu za mkomwe, ngumu, nyororo, zenye mlio wake zinapogongana. Kila mtu ana kete 32. Kumi huanza ubaoni: 6 ndani ya nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, la tano kutoka kushoto, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Zilizobaki, 22, ni za mkononi.

Kunamua ni kuzitia hizo 22, moja kila zamu, katika shimo la safu ya mbele lenye kete. Shimo hilo likitazamana na shimo la mwenzako lenye kete, umekula: unazoa za kwake na kuzitawanya upande wako kuanzia kichwa, shimo la pembeni. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete, unaendelea, ama kwa kula tena ama kwa kuzoa zako na kusonga mbele. Ikiangukia patupu, umelala. Ukiwa huna cha kula, unatakata. Nyumba ina heshima ya pekee. Ikiwa haijachezwa na ina kete 6 au zaidi, mkono unaotoka kula ukiishia humo una hiari ya kusimama au kuisafirisha. Hiari hiyo ni ya wakati wa kunamua. Nyumba ikishasafiri inakuwa shimo la kawaida.

Halafu mkono unaisha, na mtaji unaleta mambo yake. Sasa hakuna kete mpya inayoingia. Unaanza kwa kuzoa shimo lako lolote lenye kete 2 au zaidi, la mbele au la nyuma, na kutawanya upande unaotaka ili kete ya mwisho ikaangukie shimo lako la mbele lenye kete linalotazamana na la adui lenye kete. Safu ya nyuma, ambayo wakati wa kunamua haikuweza kuanzisha lolote, imepata kazi. Tena safu ya nyuma hailiwi. Adui hula ya mbele tu. Kwa hiyo kete ulizozipeleka nyuma wakati wa kunamua zilikuwa salama, na sasa zina meno.

Kikwazo kikubwa ni hiki: shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanza kula. Ukilifikiria utaona sababu yake. Mashimo yako ni 16. Kete 15 zinatosha kulipitia kila shimo lako jingine na kuishia kwa jirani wa mlango wa pili. Ya 16 ingerudi pale pale ilipotoka. Basi nyumba iliyonenepa mpaka 18 au 20, ambayo wakati wa kunamua mwenyewe alikuwa akiitazama kwa majivuno na watazamaji wakiisifia, inaamkia kwenye mtaji ikiwa haina mkono. Haianzi kula, ila yenyewe inaliwa.

Kuna na kutakatia. Katika mtaji, ukitakata kwa namna ambayo mwenzako hana cha kula, na wewe unatishia kumla shimo moja tu, shimo hilo huzuiwa: hana ruhusa ya kuanzia hapo akakukimbia. Zipo hali ambazo kuzuia huko hakuruhusiwi, na ukitaka kusikia watu wazima wakipandishiana sauti, uliza hali hizo mbele ya ubao wenye watu. Lakini kwa anayeujua mchezo, kutakatia hakutokei kwa bahati. Kumeandaliwa tangu kete zikiwa bado mkononi.

Kuna mchezo mmoja niliufuata mwanzo hadi mwisho, kati ya mzee wa huko ndani ya delta na kijana fundi wa pikipiki kutoka Kibiti mjini. Kijana alikuwa mkali. Alikuwa amepiga watu wawili kabla ya hapo, mmoja kwa mkononi, yaani kabla hata kunamua hakujaisha. Alimwamkia mzee shikamoo, akaketi, na kabla ya kete ya kwanza akamwambia, "Babu, leo utalala mapema." Mzee aliitikia marahaba na kuanza kunamua.

Kijana alikula vizuri. Alikuwa anaijua hesabu ya kila mkono, anaona mzunguko wake wa kwanza na wa pili utaishia wapi kabla hajagusa kete. Nyumba yake ilikua. Kila mzunguko ulipopita uliiachia kete moja. Aliifikisha 12, akaifikisha 15, na watazamaji wakaanza kumtania mzee kwamba mwenzake anajenga ghorofa. Mzee alikuwa anafanya vitu vidogo. Nyumba yake aliisafirisha mapema, wakati watu hawaoni sababu, na kete zake nyingi zikaenda nyuma. Mara mbili alikuwa na mkono wa kula shimo nono akaliacha, akala jembamba. Aliyekaa karibu nami alinong'ona kwamba mzee macho yameanza kumtupa.

Hapa inabidi mtu aangalie ubao kwa makini. Nyumba mbili za bao hazitazamani. Nyumba yako inatazama shimo lililo kushoto kwa nyumba ya mwenzako, na shimo lililo kushoto kwa nyumba yako ndilo linaloitazama nyumba yake. Kwa mzee, hilo ni shimo la nne kutoka kushoto. Alikuwa ameacha kete 2 hapo. Na nyuma, katika shimo la tatu kutoka kushoto, palikuwa na kete 6. Hesabu mwenyewe: kete 2 zinaelekea kushoto kwenye safu ya nyuma, zinageuka kona, kisha moja moja mbele, la kwanza, la pili, la tatu, na ya sita inaangukia la nne. Uso kwa uso na nyumba ya kijana. Wakati wa kunamua mpango huo haukuwa na maana yoyote, maana shimo la nyuma halianzi. Zilikuwa kete 6 tu zilizokaa.

Zilipobaki kete moja moja mikononi, mzee alitia yake na kulala. Kijana akabaki na ya mwisho, na alikuwa na njia mbili za kula. Ya kwanza, atie ndani ya nyumba yake na kuzoa zile 2 za shimo la nne. Ya pili, ale kete 5 zilizokuwa zimekaa wazi upande wa kulia wa mzee. Nani anaacha 5 akachukua 2? Akala 5, akazitawanya, nyumba ikafika 19, watu wakapiga makofi.

Mzee ndiye aliyeanza kunamua, kwa hiyo ndiye aliyeanza mtaji. Kila mmoja ana kete 22, zamu kwa zamu. Aliyetangulia mwanzo anatangulia na hapo. Hilo nalo alikuwa nalo kichwani tangu alipoitikia marahaba. Akazoa zile 6 za nyuma bila haraka, akazitawanya, ya sita ikagonga shimo la nne, akanyoosha mkono na kuibeba nyumba yote, kete 19. Kutoka kichwa cha kushoto zilizunguka mashimo yake yote 16, na tatu zikarudi tena mbele, ya mwisho ikaangukia shimo la tatu ambalo nalo lilikuwa linatazamana na kete. Akala tena. Mkono ule ulikwenda muda mrefu hata mwenye chai akaacha kumimina. Ulipolala, kijana alikuwa na vishimo vichache vyenye kete moja moja, na kete moja haianzi kitu.

Zile 5 za upande wa kulia hazikusahauliwa pale. Ziliwekwa nono kuliko zile 2 ili jicho la kijana liende huko. Kete 5 zilikuwa bei, na mzee alikuwa amekubali kuilipa, kwa sababu bei ililipwa kwa sheria inayokwisha na kilichonunuliwa kilikuwa cha sheria inayoanza.

Mholanzi Alex de Voogt, aliyekaa na mabingwa wa Zanzibar na kuandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1995, alishughulishwa hasa na swali la kichwa cha binadamu kinaweza kubeba kiasi gani cha mizunguko hiyo. Ni swali zuri, na mabingwa wana majibu ya kutisha. Lakini kwa macho yangu kubeba mizunguko ni nusu tu ya kazi. Kijana yule wa pikipiki alikuwa anaibeba vizuri kuliko mzee, nina hakika. Alikuwa anapiga hesabu sahihi ya mchezo uliokuwa unakwisha.

Ufundi wa namna hii nimeukuta pia kwa watu ambao hawajawahi kushika komwe. Gemu la mtandaoni la World of Warcraft, lililoanza mwaka 2004, lina mamilioni ya watu waliowahi kulicheza, na kila mmoja ndani yake ana fani: mpiganaji, mganga, mwindaji, mchawi. Kila baada ya miaka miwili hivi kampuni ya Blizzard hutoa nyongeza mpya ya dunia hiyo, na fani hubadilishwa. Mwaka 2012 ilivunja miti ya vipaji ambayo watu walikuwa wameikariri kwa miaka; mwaka 2022 ikairudisha kwa sura nyingine. Mwaka 2016 wawindaji wa tawi la Survival, waliozoea kupiga kutoka mbali kwa upinde na bunduki, walipewa mkuki wakaambiwa wasogee karibu na adui. Oktoba 2020 aliyekuwa amepanda mpaka ngazi ya 120, ya juu kuliko zote, aliamka yuko ngazi ya 50. Mali ni ileile, thamani imehesabiwa upya.

Nyongeza ikikaribia, wachezaji makini hawakai kungoja. Kampuni hufungua toleo la majaribio miezi kabla, nao huingia humo kupima kila kipigo; wapo waliotengeneza programu yao wenyewe, SimulationCraft, inayopiganisha wahusika maelfu ya mara bila mtu kugusa kitu, ili waone fani ipi itapanda na ipi itashuka. Wengine huanza kulea mhusika wa fani wasiyoipenda kwa sababu wameona dalili. Wenye haraka huwacheka: mbona unapoteza muda na mganga wakati mchawi wako anawaka? Hao ni wenzake yule aliyeninong'oneza kwamba macho ya mzee yameanza kuchoka. Tangu Novemba 2023 kampuni ilikwisha kulitaja jina la nyongeza ya The Last Titan, ya tatu katika mfululizo mmoja, na wapo walioanza kuibashiri siku hiyohiyo.

Nawaheshimu. Ila wao wana shida ambayo yule mzee wa delta hana: sheria yao inaandikwa na mtu mwingine, ofisini California, na anaweza kubadilisha mawazo wiki moja kabla. Kubashiri kwao kuna sehemu ya kumsoma mwandishi wa sheria. Katika bao hakuna wa kumsoma isipokuwa aliye mbele yako, na hata muda wa mabadiliko unaujua kamili, ni kete 44. Kwa hiyo huna pa kusingizia. Nadhani ndiyo maana aliyefungwa kwenye bao huwa mkali kwa watazamaji. Hakuna mwingine wa kumlaumu.

Baada ya mchezo ule kulizuka ubishi, na ubishi wa bao una adabu yake: kila mtu ana haki ya kumrekebisha bingwa, hata asiyejua. Wapo walioshikilia kwamba nyumba isafirishwe mapema, kama alivyofanya mzee, ili mtu aingie kwenye mtaji bila mzigo. Wapo waliosema nyumba ndiyo ngome ya kunamua na anayeivunja mapema anamkaribisha adui ndani. Kijana, ambaye sasa alikuwa mpole, alimuuliza mzee, "Basi babu, ningeilisha mpaka ngapi?" Mzee alikuwa anapanga upya, 6 ndani ya nyumba, 2 na 2. Alimjibu, "Kumi na tano, mwanangu. Ikizidi hapo unamfugia mwenzako."

Mimi niko na mzee katika jibu hilo kuliko katika alichokicheza. Ichukue nyumba yenye kete 15 kamili na uitawanye kuelekea kulia mara tu mtaji unapoanza: 3 zinamaliza safu ya mbele, 8 zinajaza ya nyuma, 4 zinaingia tena mbele kutoka kushoto, na ya kumi na tano inaangukia lile shimo la nne. Ukiwa umeacha kete humo, na mwenzako bado anaifuga nyumba yake, unaibeba.